Laki tano na chumba kimoja: Kwa nini pesa ianzie ukutani

Mtu akishika laki tano ya kukarabati chumba, miguu humpeleka Kariakoo. Anarudi na mapazia, zulia la manyoya, saa ya ukutani na maua ya plastiki. Wiki hiyo chumba kinapendeza kweli, picha zinapigwa na majirani wanasifia. Masika yakikolea mwezi wa nne, rangi nyuma ya kitanda inavimba, zulia linaanza kunuka, na kila anayeegemea ukuta anaondoka na unga mweupe mgongoni.

Pesa ile ingetosha, ila ilianza kutumika kutoka mwisho. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, kinachofanya ukarabati uwe ghali ni kurudia kazi ileile. Ukuta ukipakwa rangi kabla ya kukauka, utapakwa tena. Soketi ikihamishwa baada ya rangi, ukuta unachimbwa upya. Kapeti likitandikwa juu ya sakafu yenye unyevu, mwakani linatupwa. Kazi ya chumba ina foleni yake: kwanza maji yazibwe yanakotoka, kisha umeme na madirisha, kisha plasta na sakafu, kisha rangi, na vyombo vya kupendezesha macho vije nyuma ya vyote. Anayeiheshimu foleni hiyo anaweza kufanya mengi kwa laki tano. Anayeiruka hatatosheka hata na milioni.

Futi kumi kwa kumi

Chumba tunachokizungumzia ni kile wanachokijua wakazi wengi wa Dar es Salaam: futi kumi kwa kumi, ndani ya nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele na uani nyuma. Magomeni, Temeke, Ilala, Buguruni na Manzese, nyumba za namna hii bado zipo, ingawa maghorofa yanazidi kuzimeza. Humo, chumba kimoja hubeba kazi za nyumba nzima. Ndimo watu wanamolala, wanamopokea mgeni, mtoto anamofanyia kazi za shule, na kwenye kona utakuta ndoo za maji, jiko la gesi na begi la nguo ambazo hazivaliwi mwezi huu.

Watu wa pwani hawakuanza leo kuishi katika vyumba vyembamba. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazina urefu wa kuvuka nafasi kubwa. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini upana wake mara nyingi haufiki mita tatu. Wenye nyumba wakatafuta namna ya kuishi humo kwa heshima. Dari waliinyanyua juu ili joto lipate pa kupanda. Kuta walizipaka chokaa nyeupe, mwanga kidogo ulioingia ukasambaa chumba kizima. Na katika nyumba za wenye uwezo kule Lamu, mafundi walijenga zidaka, safu za vishubaka ndani ya plasta ya ukuta, vikawekwa vyombo vya kauri na vitu vya thamani bila kula hata inchi moja ya sakafu.

Mambo hayo matatu, joto kupata njia, ukuta kurudisha mwanga na vitu kuondoka chini, ndiyo yale yale anayoyahitaji mpangaji wa Tandika leo. Na hakuna hata moja linalohitaji zulia la manyoya.

Kiache kitupu

Hatua ya kwanza haina gharama yoyote zaidi ya jasho. Chagua siku isiyo na mvua, toa kila kitu uani au barazani, chumba kibaki kuta, dari na sakafu. Kitanda kikishaondoka ndipo utajua kona ipi imeota ukungu. Kabati likisogezwa ndipo utaona kwamba lilikuwa limeziba nusu ya dirisha. Simama katikati mchana, funga mlango, zima taa, uangalie mwanga unafika wapi. Usiku, washa taa ya simu uilaze sambamba na ukuta. Kila kishimo, kila nundu ya plasta itaonyesha kivuli chake.

Kabla vitu havijarudi, vitenganishe makundi matatu: vinavyotumika kila siku, vinavyotumika mara moja moja, na vile ambavyo hakuna anayekumbuka mara ya mwisho vilitumika lini. Kundi la mwisho ndilo mtaji wa nyongeza. Kiti chenye mguu mmoja uliolegea, redio ya kizamani, godoro la ziada na chuma cha kitanda kilichovunjika vina wanunuzi wake, kuanzia jirani hadi wale wanaopita mitaani kununua chuma chakavu. Utapata pesa kidogo, na nafasi ambayo hukuijua kuwa unayo.

Ukuta unaotoa chumvi

Katika miji ya pwani, adui mkubwa wa chumba ni unyevu, na dalili yake inayojulikana zaidi ni chumvi: unga mweupe unaochomoza kwenye plasta, rangi inavimba, inapasuka na kudondoka vipande vipande. Wengi huiona chumvi kama ugonjwa wa rangi, wakabadilisha aina ya rangi. Rangi haina kosa. Ndani ya ukuta kuna chumvi iliyokuja na mchanga usiosafishwa au na maji ya kisima chenye chumvi yaliyotumika kuchanganyia saruji. Maji yakipita ndani ya tofali huiyeyusha na kuibeba hadi usoni mwa ukuta. Pale maji yanapokauka, chumvi inabaki, inaganda na kutanuka nyuma ya rangi mpaka inaisukuma nje. Bila maji, chumvi ingelala humohumo miaka na miaka. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni maji yanatoka wapi.

Kuna kipimo rahisi. Kata kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa karatasi ya daftari, ukibandike ukutani penye doa kwa selotepu, kingo zote nne zizibwe vizuri. Kiache siku mbili. Ukikuta matone ya maji upande wa ndani, ule unaogusa ukuta, basi ukuta wenyewe una maji. Ukikuta umande upande wa nje, unaotazama chumba, basi tatizo ni mvuke wa humo ndani: mapishi, nguo zinazoanikwa chumbani, pumzi za watu wanne wanaolala madirisha yakiwa yamefungwa. Ugonjwa wa pili unatibiwa kwa hewa. Wa kwanza unahitaji upelelezi.

Zunguka nje uutazame ukuta huohuo. Je, bafu la uani liko nyuma yake? Je, udongo umejaa mpaka umeuzidi usawa wa sakafu ya ndani? Je, maji ya bati yanadondoka chini na kuurukia ukuta kila mvua inaponyesha? Doa lililoanzia juu, chini kidogo ya dari, kwa kawaida linatokana na bati lililotoboka au msumari uliolegea. Doa la katikati ya ukuta mara nyingi ni bomba. Doa linaloanzia sakafuni na kukomea usawa wa kiuno au chini yake ni maji yanayopanda kutoka ardhini, hasa katika nyumba ambazo juu ya msingi hakukulazwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu.

Tiba nyingine ni jembe na beleshi tu. Punguza udongo uliouzidi ukuta, chimba mfereji mdogo wa kuyatoa maji, funga kipande cha gata au bati lililokunjwa kuyapeleka mbali, ziba viungo vya sakafu ya bafu. Hayo yakishafanyika, usikimbilie plasta. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu na unga uzolewe ukatupwe nje. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani ya ukuta. Plasta iliyooza, ile inayotoa mlio wa uwazi ukiigonga kwa mpini wa nyundo, ibanduliwe hadi futi moja au zaidi juu ya mwisho wa doa, kisha ukuta uachwe wazi ukauke. Majuma kadhaa si mengi. Plasta mpya ichanganywe kwa mchanga wa mto usio na chumvi na maji safi, saruji moja kwa mchanga nne. Kwa kazi hii saruji ya 32.5 inatosha, ile ya 42.5 ni ya nguzo na zege, na bei yake iko juu. Plasta mpya inyweshewe maji kwa siku saba, kisha isubiri karibu mwezi kabla ya kupakwa rangi.

Kuna desturi moja inayofaa kuangaliwa upya. Nyumba nyingi zina mkanda wa rangi ya mafuta sehemu ya chini ya ukuta, ili mikono ya watoto ikichafua ifutwe. Kwenye ukuta mkavu ni wazo zuri. Kwenye ukuta unaopandisha unyevu, rangi ya mafuta inaziba njia pekee ya maji kutokea, na hapo ndipo unapoona malengelenge. Wahifadhi wa majengo ya Mji Mkongwe wamekuwa wakilipigia kelele jambo la aina hiyo kwa miaka: ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta kuanza kuharibika. Ukuta wa tofali za saruji ni tofauti na wa matumbawe, lakini kanuni ni ileile. Penye unyevu, ukuta uachiwe upumue.

Kwa mwenye pesa kidogo, chokaa bado ni rafiki. Mfuko wake ni wa bei ya chini kuliko rangi, haivimbi kama rangi ya mafuta, na ukali wake unakera ukungu usiote. Ubaya wake ni kwamba hupakaa kwenye nguo, kwa hiyo inafaa zaidi korido, stoo na ukuta ulio mbali na kitanda. Anayeichanganya avae glavu na kulinda macho, kwani chokaa mbichi huunguza.

Hesabu ya rangi

Ukuta ukishakauka, ndipo hamu ya rangi inaporuhusiwa kuingia. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kukosa kalamu. Muuza duka atakushauri ndoo ya lita 20 kwa kuwa inatoka nafuu ukilinganisha na za rejareja. Fanya hesabu kwanza. Chumba cha futi kumi kwa kumi ni takriban mita tatu kwa tatu. Kuta nne zina jumla ya mita 12 kwa mzunguko. Zikiwa na kimo cha mita 2.7, hizo ni mita za mraba 32.4. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 29. Lita moja ya rangi ya maji hupaka karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, ukuta ukiwa laini na umeshapigwa praima. Mikono miwili itakula lita sita. Kopo la lita nne na mawili ya lita moja yanakamilisha chumba. Ile ndoo ya 20 ingekuachia lita 14 za kukaukia uvunguni mwa kitanda.

Rangi yote inunuliwe siku moja, hasa kama imechanganywa dukani kwa mashine au kwa mkono. Ukirudi wiki ijayo kuongeza lita moja, unaweza kupewa krimu inayofanana na ya mwanzo ndani ya kopo lakini ikaonekana kiraka ukutani.

Kabla ya rangi, kuna kazi ambayo hakuna anayeipiga picha. Rangi ya zamani inayobanduka iparuliwe, nyufa zifunguliwe kidogo na kujazwa, mashimo ya misumari yazibwe, ukuta upigwe skimu kwa puti, kisha msasa. Puti za ndani zenye jipsamu hazipendi maji, kwa hiyo zisitumike kwenye ukuta ule wa bafu hata kama fundi anasema hazina shida. Ukuta uliopigwa msasa vizuri na kupakwa rangi ya bei ya kati hupendeza kuliko ukuta wa mabonde uliopakwa rangi ya gharama.

Tahadhari moja ni ya kiafya. Rangi za zamani, hasa za mafuta kwenye milango na madirisha, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, maana risasi huathiri ukuaji wa ubongo. Usiipige msasa mkavu rangi ya aina hiyo. Lowanisha, tumia msasa wa maji, watoto wakae mbali, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa. Unaponunua rangi mpya, tafuta kopo lililoandikwa kwamba haina risasi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni.

Msimu nao ni sehemu ya bajeti. Kati ya Juni na Septemba, pwani hupata siku kavu na upepo wa kusi, rangi inakauka kwa wakati na fundi anamaliza siku alizoahidi. Anayepaka katikati ya masika anaipaka juu ya maji.

Kuhusu rangi yenyewe, chumba kidogo chenye dirisha moja kinahitaji nyeupe au krimu nyepesi, na dari nyeupe kabisa. Anayependa rangi kali aiweke kwenye ukuta mmoja unaopata mwanga wa dirisha moja kwa moja, au kwenye mlango tu. Mlango wa bluu ya bahari hauhitaji hata lita moja.

Kukubaliana na fundi

Fundi hodari ni hazina, lakini makubaliano ya mdomo yameharibu urafiki mwingi. Njia salama ni mwenye chumba kununua vifaa mwenyewe na fundi kulipwa ufundi. Kabla ya kununua, pata makadirio ya mafundi wawili au watatu, kila mmoja akiorodhesha vifaa kwa idadi: mifuko mingapi, lita ngapi, karatasi ngapi za msasa. Mmoja akiandika mifuko miwili ya puti na mwingine mitano, muulize wa pili aoneshe hesabu. Huenda ana sababu. Huenda pia ana nyumba nyingine anayoimalizia.

Malipo yaende kwa hatua zinazoonekana. "Fundi, tukimaliza kuparua na kuziba nyufa nakupa ya kwanza, skimu ikikauka ya pili, ya mwisho nikishawasha taa usiku nikaona ukuta uko sawa." Fundi mwenye kazi nzuri hakatai mpango huo. Anayetaka pesa yote asubuhi ya siku ya kwanza, mwache aende kwa heshima. Ukitaka uhakika zaidi, waulize wenzako kazi zake za mwaka jana zikoje leo. Wako pia mafundi waliojifunzia kazini ambao ujuzi wao umepimwa na kutambuliwa na VETA. Cheti hakipaki rangi, lakini kinaonyesha kuwa kuna mtu mwingine aliyewahi kukagua mkono wake.

Jambo moja usilifanye kwa fundi wa kuokoteza: umeme. Chumba kimoja chenye soketi moja inayolisha pasi, feni, televisheni, friji na chaja tatu kupitia ekstensheni mbili zilizounganishwa ni moto unaosubiri wakati. Kabla ya plasta na rangi, lipa fundi mwenye leseni ya EWURA akague waya, aongeze soketi mahali zinapohitajika na ahakikishe kuna waya wa ethi. Kwenye laki tano, hii ndiyo pesa isiyopaswa kupunguzwa.

Sakafu, dari na hewa

Sakafu isikusumbue sana. Kama ni ya saruji na imechubuka, fundi anaweza kuziba mashimo na kuipiga niru upya, ikapata uso laini unaodekika. Vigae vinavutia, na kwa chumba cha mita tisa za mraba ni vigae 100 vya sentimita 30 kwa 30, ongeza kumi vya kuvunjika na kukatwa. Lakini ukijumlisha saruji, groti na ufundi, vigae vinaweza kumeza bajeti nzima, na kama unapanga, unaviacha kwa mwenye nyumba. Kapeti la plastiki la kukatwa kwa mita ni suluhisho la haraka, mradi sakafu iwe kavu. Ipime kwa nailoni ileile ya ukutani. Ikitoa matone, kapeti litageuka shamba la ukungu, na hapo mkeka wa ukindu unaoweza kuinuliwa kila asubuhi ni bora zaidi.

Dari chini ya bati si anasa. Bati likipigwa na jua hugeuka pasi, na chumba kisicho na dari kinapokea joto lote hilo. Mwenye pesa ya kutosha dari au vigae, achague dari.

Hewa inahitaji mlango wa kuingilia na wa kutokea. Chumba chenye dirisha moja kinapumua vizuri zaidi kikiwa na matundu juu ya mlango au upande wa pili wa ukuta. Matundu hayo yawekewe wavu, maana mbu waenezao malaria wanajulikana kwa kupenda kuingilia sehemu za juu, penye mwanya kati ya ukuta na paa. Kubadilisha wavu uliochanika dirishani ni kazi ya saa moja, na huenda ikawa ndiyo pesa ndogo inayoleta usingizi mwingi kuliko nyingine zote. Kabati lisizibe dirisha, na liachwe nafasi ya vidole vinne kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma yake. Ukungu hupenda mgongo wa kabati.

Taa nazo. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku inatumia uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribia huohuo, inatumia uniti moja na theluthi. Weka moja katikati na nyingine ndogo karibu na pa kusomea au kichwani mwa kitanda. Kioo kikubwa kikitundikwa mkabala na dirisha kitarudisha mwanga wa mchana hadi kwenye kona zilizosahaulika.

Vyombo: tengeneza kabla ya kununua

Sasa ndipo tunaposogea kwenye vitu vinavyoonekana. Keko, ambako karakana za samani zimepangana pande zote, pana kila kitu, kuanzia kitanda cha mninga cha kurithisha wajukuu hadi kabati la mbao za paini lililopakwa vanishi kufanana na mninga. Paini nyingi hutoka misitu ya kupandwa ya nyanda za juu kusini, Sao Hill kule Mufindi ikiwa maarufu. Ni mbao nzuri kwa shelfu na kabati, ila iwe imekauka na kutiwa dawa ya wadudu. Mbao mbichi itapinda chumbani mwako. Ukiinua kipande ukakiona kizito kuliko kinavyostahili na kinanuka utomvu, subiri au hamia karakana ya jirani.

Lakini kabla ya Keko, tazama ulivyonavyo. Kitanda kinaweza kuongezewa miguu kwa vipande vya mbao imara, uvungu ukapata kimo cha kuingiza masanduku mawili ya nguo. Sofa iliyochoka, kama fremu yake haijalegea, inahitaji sponji na kitambaa kipya tu, na fundi sofa wa mtaani ataifanya kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya. Mlango wa kabati unaoning'inia unadai bawaba mbili. Vitu vinavyokaa sakafuni vipandishwe: shelfu moja ndefu juu ya mlango, nyingine juu ya kichwa cha kitanda, fimbo ya nguo kona kwa kona. Shelfu ishikiliwe kwa skrubu na plagi zake, na isipigwe kwenye ukuta ambao nyuma yake unapita waya wa soketi.

Mapazia yaning'inizwe juu, karibu na dari, yashuke hadi chini. Dirisha dogo huonekana refu, na chumba kikapata kimo. Kitambaa si lazima kiwe cha duka la mapazia. Mitumba ya Karume huwa na mapazia mazito ya pamba, na vitenge viwili vilivyoshonwa kwa upindo mpana vinaweza kufanya kazi hiyohiyo vikiwa na rangi ambazo hakuna kiwanda cha ng'ambo kinachokuchagulia.

Ukiwa mpangaji

Kodi ya miezi sita au mwaka imelipwa, lakini ukuta si wako. Mpangaji asitoboe, asihamishe soketi wala asipige plasta kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba, na mazungumzo hayo yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, yatiwe sahihi na pande mbili. Mara nyingi mwenye nyumba anakubali kwa moyo mweupe kazi inayobaki, kama plasta, wavu au waya, ikatwe kwenye kodi ijayo, kwa sababu nyumba yake inapanda thamani. Ukienda kumuona, nenda na makadirio ya fundi mkononi. "Mama, shikamoo. Ukuta wa upande wa bafu unaliwa na maji, fundi amenipigia hesabu hii. Mimi natoa ufundi, wewe ungenisaidia vifaa?" Ombi lenye hesabu ni gumu kukataliwa kuliko malalamiko.

Usiponufaika na makubaliano ya namna hiyo, elekeza pesa kwenye vile unavyoweza kuondoka navyo: taa, mapazia, shelfu za kusimama, godoro, kitanda.

Kuigawa laki tano

Kwa chumba cha kawaida cha pwani, mgawo unaoingia akilini ni huu. Laki moja na nusu iende kwenye maji, plasta na nyavu. Laki moja kwenye umeme na taa. Laki moja na nusu kwenye rangi, puti, msasa na ufundi wake. Elfu hamsini kwenye shelfu, bawaba na mapazia. Hiyo ni laki nne na nusu. Bei hutofautiana mtaa kwa mtaa na msimu kwa msimu, kwa hiyo viwango vitabadilika, lakini uwiano usibadilike sana: sehemu kubwa iende kwenye vitu ambavyo mgeni hatavisifia. Andika kila shilingi inayotoka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Elfu hamsini iliyobaki ina kazi yake. Watu wengi huimalizia siku ya mwisho kwa pambo, kwa furaha ya kumaliza kazi. Iweke kwenye simu au kibubu hadi masika yajayo yapite. Ukuta uliotengenezwa Julai haujakaguliwa na mtu yeyote mpaka mvua za Aprili zimeupiga wiki tatu mfululizo. Pakijitokeza mahali panapovuja, una pesa ya kuziba mapema kabla rangi haijavimba. Mei ikifika na ukuta bado mkavu, hapo nenda Kariakoo ukachague zulia, na usichague lile la manyoya.